Tanki la Kushoto

Ndege ya Ladislas ilikuwa imelala katikati ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, Litapunga, na hata ikiwa imevunjika bado ilikuwa na maringo. Nyekundu, nyembamba, pua imejichimbia kwenye tuta, bawa la kulia limekatika na kutupwa hatua ishirini nyuma. Bawa la kushoto lilikuwa na mikwaruzo tu. Inspekta Verdiana aliizunguka mara tatu. Mara ya nne akapiga magoti.

"Afande, jana tuliandika kila kitu," alisema Konstebo Sospeter, aliyelinda mabaki hayo tangu jana na sasa alikuwa akitaka chai kuliko alivyotaka ukweli.

"Jana mliandika mlichokiona mkiwa mmesimama."

Ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi. Kesho yake, saa tatu, Malale, fundi wa ndege hiyo, angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Mauaji hayana dhamana. Akishasomewa shtaka angepelekwa gerezani kusubiri upelelezi ukamilike, na Verdiana, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alijua neno hilo "ukamilike" linavyoweza kumzeesha mtu. Wataalamu wa ajali za ndege wangefika kutoka Dar siku ya Jumatano. Mkuu wa upelelezi wa mkoa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mashahidi wawili na mtuhumiwa mmoja, na hesabu hiyo ilimtosha. "Niletee kitu cha kushika mkononi kabla ya kesho asubuhi," alimwambia Verdiana. "La sivyo faili linakwenda kama lilivyo."

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Ladislas alikuwa fundi mitambo aliyefanya kazi migodini nje ya nchi kwa miaka kumi na minne, akarudi Mpanda na makasha matatu yaliyojaa vipande vya ndege. Yeye na Malale waliviunganisha kwa miaka saba kwenye banda nyuma ya nyumba, watu wakiwacheka, mpaka siku ilipoinuka. Ilikimbia kilomita mia tatu na thelathini kwa saa. Mji mzima uliijua namba hiyo kwa sababu mwenyewe aliitaja popote, hata misibani. Ijumaa alasiri aliirusha kwenda Inyonga kwa dada yake, akalala huko. Jumamosi asubuhi akaanza safari ya kurudi, na alipokuwa amebakiza dakika chache kutua Mpanda, injini ikanyamaza. Alikufa papo hapo.

Kilichomponza Malale ni mdomo wake. Alhamisi, pale uwanjani, watu wawili walimsikia akimwambia tajiri yake: "Ndege hii itakuua, na mimi sitakuja kukuzika." Halafu ndiye huyohuyo aliyejaza mafuta. Mkuu aliamini kwamba aliyachanganya na maji.

Verdiana aliingiza kichwa na tochi ndani ya chumba cha rubani. Chini ya dashibodi kulikuwa na swichi nyekundu ya kuchagua tanki, na maneno mawili yaliyoandikwa kwa brashi: KUSHOTO, KULIA. Mshale ulielekea kulia. Kwenye karatasi iliyofungwa kwa mpira juu ya ubao wa rubani, Ladislas alikuwa ameandika kwa penseli: *Kuruka saa 1:10, tanki la kushoto.*

"Sospeter, ilianguka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi, afande."

"Aliondoka kwa tanki la kushoto. Dakika ishirini baadaye swichi iko kulia. Aliigeuza pale injini ilipokata."

"Labda la kushoto lilikwisha."

Verdiana alifungua mfuniko wa bawa la kushoto, akatumbukiza kijiti kikavu, akakitoa. Kilikuwa kimelowa karibu nusu. Alikiweka juu ya bawa ili Sospeter akitazame mwenyewe, kisha akainama kuukagua mfuniko. Vumbi la jana lilikuwa limeuzunguka, lakini juu yake palikuwa pamefutika kwa viganja vya mtu. Chini, kwenye udongo, alama za tairi la pikipiki zilikuja mpaka pale na kuondoka.

"Nani kati yenu alifungua hapa?"

"Hakuna, afande."

"Pikipiki ya nani?"

Sospeter alitazama nyumba iliyokuwa pembeni ya shamba. Mwenye shamba aliitwa Machibya, Msukuma aliyehamia hapo na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia Ladislas. Walimkuta mlangoni, akiwa amejiandaa kuwa mkarimu.

"Karibu, mayu," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama wanayemheshimu. "Kaeni, chai ipo."

"Ahsante, mzee. Pikipiki yako inanukia mafuta ya ndege."

"Pikipiki ni pikipiki tu, mayu."

"Sijaja kukukamata kwa mafuta. Nimekuja kwa sababu kuna mtu kesho anakwenda gerezani, na nadhani wewe unajua kitu ambacho yeye hawezi kukisema."

Machibya alimtazama mkewe. Mkewe akageuka kupuliza moto, maana yake alikuwa ameshamwambia tangu jana akaseme.

"Lita tano tu," alisema Machibya polepole. "Na marehemu nilikuwa nimeshamfunika kwa shuka langu mwenyewe. Sikuanza na mafuta, mayu. Hilo uandike."

"Nimeandika. Pikipiki inatembea?"

"Inaruka. Nimekwenda nayo Mpanda nikarudi, haijakohoa hata mara moja."

Kalamu ya Verdiana ilisimama. Mafuta yaliyotiwa maji yasingeifikisha pikipiki hata barabara kuu. Nadharia ya mkuu ilikuwa imefia Litapunga, mikononi mwa mwizi wa lita tano.

"Ulipofungua mfuniko ilikuwaje?"

"Ulikataa. Nikaukaza mkono mara mbili, mara tatu. Ulipoachia, tanki likavuta."

"Likavuta nini?"

"Hewa. Fyuuu, kwenda ndani. Kama mtu aliyezama akitoa kichwa majini. Nikaruka nyuma, nikasema, kumbe hii kitu bado iko hai."

Verdiana alimsomea maelezo yake, akamsainisha, akamwachia Sospeter kazi ya kuchukua sampuli ya mafuta. Hakujua bado maana ya tanki kuvuta hewa. Aliyejua alikuwa mahabusu.

Nje ya kituo cha polisi cha Mpanda, Rahel, mke wa Malale, alikuwa ameketi kwenye benchi na hotpoti mapajani. Alikuwa pale tangu Jumamosi mchana. Hakulalamika. Aliinuka tu alipomwona Verdiana, akainyoosha ile hotpoti kwa mikono miwili.

"Uji, afande. Wamesema hakipokelewi kitu mpaka saa sita."

"Nitampelekea mimi."

Malale alikuwa mfupi, mwenye grisi kwenye kucha ambayo hakuna sabuni ingeitoa. Alikunywa uji kwanza. Verdiana alimsubiri, kisha akafungua daftari.

"Ulimwambia ndege itamuua."

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ameacha kuizunguka, afande." Malale alisukuma kikombe pembeni. "Rubani kabla ya kuruka anaizunguka ndege yake. Anagusa kila kitu. Mwaka wa kwanza alikuwa anatumia nusu saa, na karatasi mkononi. Baadaye zile mbio zikamwingia kichwani. Akawa anasema anaijua kama mtoto wake wa kumzaa. Alhamisi kaja, karukia ndani, kawasha. Nikasimama mbele ya propela nikakataa kutoka. Ndiyo nikasema maneno yale. Mimi nimepiga nusu ya misumari ya ribiti ya ile ndege, sikutaka nije kuiokota."

Verdiana alifungua ukurasa mpya.

"Tanki la kushoto lilipofunguliwa lilivuta hewa."

Malale aliinua uso. "Lilivuta ndani? Halikutoa?"

"Ndani."

"Bado lilikuwa na mafuta?"

"Karibu nusu."

"Afande, kuna mtu ameangalia vijibomba?"

"Vijibomba gani?"

"Vya kupumulia. Kila tanki lina kimoja, kimechungulia chini ya bawa, unene wa kidole. Mafuta yakitoka, hewa inaingia pale. Ukiziba, ni kama mtoto anayenyonya juisi ya pakiti: anavuta, pakiti inabonyea, mwisho hakuna kinachokuja. Na ile inakunywa sana kwa sababu ya mbio zake. Ndege ya polepole labda ingefika."

"Wewe ulivitazama lini?"

"Alhamisi. Huwa navipuliza kwa mdomo. Vilikuwa wazi, vyote viwili. Na Ijumaa kafika Inyonga salama, alinipigia simu alipotua. Tulikuwa tumeshapatana."

Verdiana alitoka koridoni, akampigia Sospeter.

"Lala chini ya bawa la kushoto. Kuna kijibomba."

Alisikia kitambaa kikiburuzika, kisha kikohozi. "Nakiona, afande. Kina uchafu."

"Uchafu gani?"

"Kama udongo. Hapana, si udongo. Ni laini." Akasikika akinusa. "Unanukia asali."

"Usikiguse."

"Sijagusa. Afande, kuna alama ya kidole. Mtu kabonyeza kwa dole gumba."

"Nenda kwenye bawa lililokatika. Kama na lenyewe liko hivyo, kata bomba zima, tia kwenye bahasha ya plastiki, uniletee. La kushoto liache lilivyo, mwenzako alilinde."

Lilikuwa hivyohivyo. Mkuu wa upelelezi, aliyefuatwa nyumbani kwake akiwa na suti ya kanisani, aliitazama bahasha bila furaha.

"Malale anaweza kuwa ameziba mwenyewe."

"Ijumaa ndege ilikwenda salama, mkuu. Kwa hiyo ilizibwa ikiwa Inyonga. Ijumaa jioni Malale alikuwa hapa, mashahidi wetu walewale wanasema walitazama naye mpira."

"Alama ya kidole lazima iende maabara, na maabara si hapa. Ni wiki hizo."

"Najua. Ndiyo maana nakwenda Inyonga."

Mkuu alishusha pumzi. "Saa tatu kesho, Verdiana. Wakili wa serikali hasubiri harufu ya asali."

Walifika Inyonga saa nane mchana, Sospeter akiwa kwenye usukani na vumbi la misitu likiwa limewaingia mpaka kwenye meno. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya na maua, na makundi ya nyuki yalikuwa yakihama. Verdiana alianza kwa mtu mwenye sababu. Athanasie, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, alikuwa amemwandikia mtendaji wa kata barua mbili akilalamika kwamba ndege ya Ladislas inavyopita chini kwa kelele inafukuza nyuki mizingani.

"Niliandika, na ningeandika ya tatu," alisema Athanasie, akiwa amesimama mlangoni pa ghala lake. "Lakini mtu ukimwandikia barua humuui. Barua ndiyo kazi yenyewe."

"Hii ni nta yako?"

Alikipokea kile kipande cha bomba ndani ya ile bahasha, akakigeuza kwenye mwanga bila kuifungua. Kisha akaingia ghalani, akarudi na bonge la nta ya njano safi.

"Yangu hii hapa. Hiyo yako ni nyeusi, ina majivu. Nta tupu inawaita nyuki, afande. Ukiipaka mahali, umewakaribisha. Ukitaka wasiingie, unachanganya na majivu, wanaikataa. Ni ufundi wa zamani, wengi tumeuacha."

"Nani hajauacha?"

Athanasie aliiweka nta yake chini. Ubishi ulimtoka usoni, akaonekana mtu aliyechoka.

"Mimi na yule bwana tuligombana, lakini dada yake ni jirani yangu. Usinilazimishe nimtaje kwenye msiba wake."

Hakulazimishwa. Alikuwa ameshasema.

Uani kwa Katarina, dada yake Ladislas, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Wanawake walimpisha Verdiana, akavua viatu, akaingia ndani kutoa pole kabla ya kutoa kitambulisho. Katarina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano, mwenye mikono mikavu iliyojaa makovu madogo ya kuumwa na nyuki. Mwanawe Zakayo, mwalimu wa sekondari, alisogeza kiti karibu.

"Mmeshamshika aliyemuua mjomba," alisema Zakayo. "Mama apumzike."

"Nina maswali machache tu. Mama, Ijumaa ndege ililala wapi?"

"Palepale inapolalaga, ukingoni mwa uwanja, karibu na mizinga yangu. Mimi ndiye ninayeilinda." Alijibu kwa fahari, hata katika kilio. "Alikuwa haamini mtu mwingine."

"Kuna mtu aliisogelea?"

"Mtu, hapana. Nyuki ndio. Jioni lilipita kundi kubwa, likawa linaizunguka. Nyuki akihama anatafuta tundu, mwanangu. Tundu lolote. Na ile ndege chini ya mabawa ina matundu mawili."

Zakayo aliacha kutikisa mguu. "Mama."

"Nini?"

"Mama, nyamaza kwanza."

Verdiana alifunga daftari lake. Alijua kwamba sentensi inayofuata ingemfungua Malale, na alijua pia kwamba hakuwa na haki ya kuipokea kabla ya kumwonya aliyetaka kuisema.

"Mama Katarina, nyie wote mnisikilize. Sheria inasema huna lazima ya kunijibu. Ukijibu, nitaandika, na nilichoandika kinaweza kutumika mahakamani. Ukitaka mwanasheria, au ndugu, utampata."

Katarina alimtazama mwanawe, halafu Verdiana, halafu mikono yake. Alikuwa ameanza kuelewa, na kuelewa huko kulikuwa kunamuuma waziwazi.

"Niliyaziba," alisema. "Kwa nta, kama ninavyoziba ufa wa mzinga. Nilisema nitayazibua asubuhi. Asubuhi lile kundi likawa limeingia kwenye mzinga wangu mtupu, nikaenda kulitazama. Nikasikia ndege inaunguruma. Nikasema ameyaona, ameyatoa mwenyewe. Rubani si anaizunguka ndege yake? Ikapita juu yangu, nikampungia mkono." Alimgeukia Verdiana. "Yale matundu yalikuwa ya nini?"

Verdiana hakutafuta maneno laini, kwa sababu hayakuwepo. "Ya kupitisha hewa kwenye mafuta. Bila hewa injini inakata."

Kilio hakikuja. Katarina alikaa tu, mdomo wazi kidogo. Zakayo ndiye aliyesimama.

"Hayo maelezo hayapo. Mama yangu yuko kwenye msiba, hajui anachosema. Huna alama iliyolinganishwa, huna kitu. Mmeshamkamata fundi, fundi ndiye kazi yake kuangalia ndege. Aende akajitetee yeye."

Kwa sheria, kijana alikuwa na hoja. Bila maabara, na bila mdomo wa mama huyo, Verdiana alikuwa na bomba lenye nta na barua mbili za mwenyekiti. Saa tatu kesho Malale angepanda kizimbani.

"Nitakuwa nimekudanganya nikikuahidi kwamba hutashtakiwa, mama," alisema Verdiana. "Kwa maoni yangu hii ni bahati mbaya, na nitayaandika hivyo. Lakini anayeamua si mimi. Ninachokijua kwa hakika ni kimoja: Malale hakufanya kitu, na mtu anayeweza kusema hivyo leo ni wewe peke yako."

"Mama, watu watasema umemuua mdogo wako," alisema Zakayo, na sasa alikuwa analia. "Kila utakapopita watasema."

"Watasema," Katarina alijibu. Aliinuka kwa kushika ukuta, akavuta kitenge kilichokuwa kitandani, akajifunga. "Hata nisipokwenda, nitajisemea mimi."

Alitoka mpaka uani. Waombolezaji walinyamaza walipomwona amesimama. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba Ladislas hakuuawa na Malale, kwamba yeye ndiye aliyeziba matundu ya ndege kwa nta akiogopa nyuki, na kwamba anakwenda Mpanda kulisema hilo polisi. Mwanamke mmoja mzee alishika kichwa. Zakayo alitembea nyuma akiwa na viatu vya mama yake mkononi, akamvisha garini kimoja kimoja, kisha akapanda na yeye.

Sospeter aliwasha gari. Verdiana alimpigia mkuu na kumwomba amwite wakili wa serikali ofisini jioni hiyohiyo. Mkuu aliuliza kama amepata cha kushika mkononi. Alijibu kwamba amepata, na kwamba kinakuja chenyewe.

Walikuwa wamekwenda mwendo mrefu katikati ya msitu Katarina alipouliza.

"Huyo fundi ana mke?"

"Anaye. Anaitwa Rahel."

"Yuko wapi?"

"Kituoni, kwenye benchi la nje. Yuko pale tangu jana."

Katarina aliitikia kwa kichwa, akakaza fundo la kitenge chake.

"Basi msinipitishe mlango wa nyuma," alisema. "Nianzie kwake."